Asilimia 92 isikudanganye: kwa wanaoanza kusimba video za mama na mtoto

Ukipewa video za mama na mtoto uzisimbe, yaani uandike kwa alama tabia unazoziona, mapema tu utaulizwa kama wewe na mwenzako mnaona kitu kimoja. Wengi hukimbilia asilimia ya kukubaliana. Usiiamini haraka.

Chukua video iliyokatwa vipande 100 vya sekunde 10, mnatafuta mama anapomnyang'anya mtoto kitu mkononi. Hutokea kwa nadra. Vipande 90 nyote mmeandika "hakuna", 2 nyote "ipo", na 8 mmepishana: vinne umeona wewe peke yako, vinne mwenzako. Mmekubaliana kwa asilimia 92. Lakini kila mmoja ameandika "ipo" mara 6 tu, hivyo hata mngebahatisha mngekubaliana karibu asilimia 89. Kappa, kipimo ambacho Jacob Cohen alikitoa mwaka 1960 ili kuiondoa bahati hiyo, inaangukia 0.29, wakati kukubaliana kabisa ni 1. Kwa kazi ya utafiti hiyo ni ndogo mno. Rudini mezani.

Kwa alama za ngazi, kama ngazi 9 za mwanasaikolojia Mary Ainsworth za usikivu wa mama (jinsi anavyozitambua na kuziitikia ishara za mtoto), kappa ya kawaida haifai, maana kwake 4 na 5 ni kosa sawa na 1 na 9. Tumia kappa yenye uzito, inayohesabu tofauti kubwa kuwa kosa kubwa kuliko tofauti ndogo.

Mkipishana, msimalize kwa kumsikiliza mwenye cheo. Rudisheni video. Mtoto amegeuza uso: anamkataa mama au anapumzika tu? Angalieni sekunde zilizotangulia, kama mama alikuwa amemsogelea au amenyamaza, kisha andikeni kanuni katika mwongozo wenu wa kusimba kwa maneno ambayo mgeni angeyafuata. Kappa ikokotolewe kwa misimbo mliyoandika kabla ya mjadala. Kuikokotoa baada ya kupatana ni kujipongeza.

Kuna hatari nyingine ambayo namba haiionyeshi. Wasimbaji wanaokutana kila wiki huzoeana, na taratibu wote wawili huhama pamoja kutoka kwenye mwongozo huku kappa yao ikizidi kupendeza. Dawa yake ni kuchanganya kazini, bila kuwaambia, video ambazo mkufunzi alikwisha kuzisimba, mkalinganishwa naye na si ninyi kwa ninyi tu. Vilevile msijue ni video zipi zinasimbwa na wawili. Mtu akijua anakaguliwa huongeza umakini, na kipimo kinakuwa cha siku ya ukaguzi. Wala msiambiwe ni mama yupi yumo katika kundi la wenye sonona. Ukishajua, hata ukimya wake wa kawaida utauona kama dalili.