Maswali ya Wasomaji: Dramu Zinakimbia, Besi Inatembea

SWALI: Mhariri wa safu ya muziki, mpwa wangu anayesoma Bristol alikuja likizo akaniachia albamu kadhaa za muziki uitwao drum and bass. Mimi ni mtu wa rumba na taarabu, na singeli ikianza mtaani huwa nafunga madirisha. Mpwa wangu anasema muziki wake una mapigo zaidi ya 170 kwa dakika, na kweli dramu nazisikia zikikimbia, lakini kabla albamu haijafika katikati mimi nimeshatulia kama mtu aliyekunywa maziwa ya moto. Je, masikio yangu yamechoka, au kuna jambo nisilolijua? — Msomaji, Tanga

JIBU: Shikamoo, Mjomba. Masikio yako ni mazima, na huenda umelisikia jambo ambalo hata vijana wanaoucheza muziki huu hawalizingatii: ndani yake mna mwendo wa aina mbili unaokwenda kwa wakati mmoja. Tuchukue wimbo wenye mapigo 174 kwa dakika. Matoazi na vipigo vidogo vya dramu hujaza kila mwanya wa mapigo hayo, lakini kile kishindo kikavu cha snea (dramu ndogo yenye mlio mkali), kinachomfanya mtu atikise kichwa, kwa kawaida huangukia pigo la 2 na la 4, kwa hiyo hukisikia mara 87 tu kwa dakika. Besi haishindani na matoazi. Hutembea na snea, na mara nyingine hushika noti moja na kuiacha ingurume hadi ichoke yenyewe. Kinanda, nyuzi na sauti ya mwimbaji huegemea besi hiyo. Mwili wako uliolelewa na rumba umechagua kutembea na besi, ukaziacha dramu zipite juu kama mvua juu ya bati.

Katika muziki wa dansi tuliouzoea, mambo haya hupeana zamu: wimbo huanza taratibu, mwimbaji akamaliza habari yake, ndipo magitaa yakafyatuka kwenye sebene. Wenzetu wa Uingereza wameiweka sehemu ya taratibu na sebene pamoja, tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Singeli hukuchosha kwa sababu kila kilichomo kinakimbia, na mghani ndiye anayeongoza mbio.

Asili ya mchanganyiko huo inaeleza pia kwa nini unaweza kugusa moyo. Mwaka 1969 bendi ya soul ya Washington iitwayo The Winstons ilirekodi wimbo wa ala, ambamo mpiga dramu Gregory Coleman aliachiwa nafasi ya kupiga peke yake kwa takriban sekunde 7. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, vijana wa London, Bristol na miji mingine walizinakili sekunde hizo kwa sampla, mashine ya kunasa na kurudia vipande vya sauti, wakazikatakata, wakaziongeza kasi na kuzipanga upya kwa namna zisizohesabika. (Coleman mwenyewe alifariki mwaka 2006 bila kunufaika na sekunde zake, jambo ambalo mpenzi wa muziki huu hapaswi kulisahau.) Besi ilipita njia nyingine: wengi wa vijana hao walikuwa wana wa wahamiaji kutoka Jamaika na visiwa jirani, waliokua karibu na maspika makubwa ya reggae, yale ambayo mtu huyasikia kwa kifua kabla ya masikio. Kwa hiyo hata pale ambapo kompyuta imepanga kila kitu, chini yake umo mkono wa mpiga dramu wa soul.

Umetaja albamu, na hapo ningependa kukaa kidogo. Muziki huu ulianza kama bidhaa ya madijei. Ulitoka katika santuri zenye wimbo mmoja kila upande, na kila wimbo ulifunguliwa na dramu tupu ili dijei apate pa kuuunganisha na mwingine, jambo ambalo liliiachia hisia nafasi ndogo. Mwaka 1994 madijei Fabio na LTJ Bukem walianzisha jijini London usiku wa muziki ulioitwa Speed, wakiupa nafasi mtindo laini wenye vinanda na nyuzi. Mwaka uliofuata mtayarishaji wa muziki Goldie alitoa albamu ya Timeless, ambayo wimbo wake wa kwanza una urefu wa dakika 21. Sauti ya mwimbaji Diane Charlemagne huingia, huzama, kisha hurudi wakati ulishaanza kuikosa, na nyuzi hazina haraka, kama wapiga bashraf wa Unguja ambao hawaoni sababu ya kumkimbiza msikilizaji. Kundi la Roni Size na Reprazent, wa Bristol hukohuko anakosoma mpwa wako, lilishinda Tuzo ya Mercury, ya albamu bora ya mwaka, mwaka 1997 kwa New Forms, ambamo besi kubwa ya kusimama inasikika pamoja na mashine. Ilitoka katika CD 2, nami nakiri kwamba ya pili siimalizi mara nyingi.

Ninayoipenda kuliko zote ni Musique Concrète ya Calibre, mtu wa Belfast, iliyotolewa na lebo ya Fabio mwaka 2001. Haina fahari yoyote: kinanda, kipande cha sauti ya mtu, besi ya mviringo, basi. Kama haimo kati ya ulizoachiwa, mwandikie mpwa wako.

SWALI: Nimejaribu kusikiliza muziki huo kwa simu nikiwa kwenye matatu, nikasikia makelele ya sufuria tu. Watu wanapenda nini? — Msomaji, Nairobi

JIBU: Umesikia nusu ya muziki, tena nusu inayokimbia. Sehemu ya chini kabisa ya besi ina mitetemo kati ya 40 na 60 kwa sekunde, na spika ya simu haina ukubwa wa kuisukuma hewa namna hiyo. Inachoweza kutoa ni matoazi na snea. Tafuta visikilizi vinavyoziba sikio sawasawa, au spika ya sebuleni, kisha urudie wimbo uleule. Na matatu, kwa heshima zote, ina muziki wake tayari.

SWALI: Sisi tuliokulia kwenye taarabu tunapima wimbo kwa maneno yake. Muziki huu unarudia mistari miwili au mitatu. Unawezaje kuitwa muziki wa hisia? — Msomaji, Zanzibar

JIBU: Swali lako ni la haki, na sitadai kwamba utapata humo mafumbo ya kujadiliwa barazani. Sauti ya mwimbaji hapa hutumiwa kama udi au fidla: thamani yake imo katika namna inavyokwaruza, inavyopanda na inavyokatika. Charlemagne anaimba maneno machache kuhusu maisha yanayobana ya mjini, lakini kila anapoyarudia, muziki ulio chini yake umebadilika, na maneno yaleyale yanabeba uzito mwingine. Mshairi naye hakusahauliwa. Kundi la 4hero la London lilitoa Two Pages mwaka 1998, na katika toleo la Uingereza sehemu ya kwanza imejaa nyuzi, besi ya kusimama na waimbaji, akiwemo mshairi wa Philadelphia, Ursula Rucker, anayesema shairi lake badala ya kuliimba. Anza na sehemu hiyo. Ya pili ni ya mashine zaidi na ni kavu. Iache mpaka masikio yako yatakapoizoea ya kwanza.