Maswali yenu kuhusu shule: mtaala fiche, mtaji wa utamaduni na watoto wanaoitwa vilaza

Shikamoo mwalimu. Nasoma ualimu hapa Morogoro. Mkufunzi ametaja "mtaala fiche", kipindi kikaisha. Ndiyo nini hasa?

Marahaba. Mtaala wa kawaida unaujua: umechapishwa, una mada na idadi ya vipindi. Mtaala fiche ni yale yote mtoto anayojifunza shuleni ambayo hayamo kwenye andalio la somo la mwalimu yeyote. Mmarekani Philip Jackson ndiye aliyelipa jina hilo umaarufu mwaka 1968. Alikaa sana madarasani akaona kwamba sehemu kubwa ya siku ya mtoto ni kusubiri: kusubiri zamu, kusubiri ruhusa, kusubiri kusifiwa.

Wewe pita shule ya msingi asubuhi kabla ya paredi. Wasichana wameinama na mafagio ya chelewa, wavulana wanafyeka majani, kiranja anaandika majina ya waliochelewa. Chai ya walimu saa nne anatumwa msichana. Meza ikitaka kuhamishwa anaitwa mvulana. Hakuna somo linaloitwa Kazi za Wanawake, lakini baada ya miaka saba kila mtoto amelifaulu.

Mfano unaoniuma zaidi ni shamba la shule. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, akasema elimu tuliyorithi kwa wakoloni inamtenga kijana na kijiji chake na kumfanya aidharau kazi ya mikono. Shule zikatakiwa ziwe na mashamba. Sasa waulize waliosoma miaka iliyofuata shamba lile lilitumikaje. Umechelewa? Kalime. Umepiga kelele? Kalime. Kwenye maandishi jembe lilikuwa heshima, kwenye maisha ya shule jembe likawa adhabu, na watoto wakaamini walichokiona. Ukiweza kueleza hapo kilitokea nini, mtaala fiche umeuelewa.

Mwaka wa kwanza, Dodoma: Kwa kifupi tu, Durkheim na wafuasi wa Marx wanapishana wapi?

Durkheim, mwanasosholojia Mfaransa aliyefariki mwaka 1917, aliiona shule kama gundi: inachukua watoto wa nyumba mbalimbali na kuwapa maadili ya pamoja. Waliosoma bweni zama za Mwalimu watakuelewesha haraka. Mhaya, Mmakonde na Mgogo bweni moja, maharage ya sufuria moja, na mpaka leo wanazikana.

Wafuasi wa Marx, Mjerumani aliyeiona jamii kama mvutano kati ya wenye mali na wafanyakazi, wanauliza gundi hiyo inambana nani. Wachumi Bowles na Gintis, wakiandika kuhusu Marekani mwaka 1976, walisema taratibu za shule zinafanana na taratibu za kazini: kengele, amri, malipo ya alama. Mtoto wa mfanyakazi anazoeshwa kutii, mtoto wa bosi anazoeshwa kuamua. Mimi naona pande zote mbili zimegusa kitu cha kweli, na shule moja inaweza kufanya yote mawili siku hiyohiyo.

Mama, Tanga: Mwanangu alifaulu vizuri darasa la saba shule ya serikali. Sasa yuko kidato cha kwanza, hasemi kitu darasani. Mtoto wa jirani aliyetoka inglishi midiamu anaongoza. Wangu akili zimepotea wapi?

Hazijapotea, mama yangu. Miaka saba alifundishwa hesabu na sayansi kwa Kiswahili, akafanya na mtihani kwa Kiswahili. Akavuka mlango wa sekondari, mambo yaleyale yakageuka Kiingereza. Usanisinuru aliokuwa anaueleza mwanzo hadi mwisho sasa una jina ambalo hata kulitamka anaona haya. Mtoto wa jirani ameingia na lugha tayari ndani ya begi.

Mwanasosholojia Pierre Bourdieu (1930–2002) aliita mzigo huo mtaji wa utamaduni. Familia hairithishi fedha na shamba tu. Inarithisha lugha, uzoefu wa vitabu, hata ujasiri wa kumwuliza mwalimu swali. Shule inavipokea vitu hivyo, inavipa alama, kisha inasema hii ni akili ya mtoto. Bourdieu mwenyewe alikulia kijijini kusini-magharibi mwa Ufaransa, mtoto wa mfanyakazi wa posta, mahali ambapo watu walizungumza lugha yao na si Kifaransa cha shule. Alikuwa anaeleza maisha yake.

Jioni mwambie mwanao akueleze kwa Kiswahili walichosoma. Ukimwelewa, somo analo, yamebaki maneno. Hayo ayaandike kwenye daftari dogo, matano kwa siku. Na tafadhali usimlinganishe na wa jirani akiwa anasikia.

Kijana, Mombasa: Babu alipata ukarani kwa elimu ya msingi. Mimi nina digrii na naendesha boda. Kosa langu liko wapi?

Kosa si lako. Vyeti vikiongezeka haraka kuliko kazi, mwajiri anapandisha sharti. Kazi haijawa ngumu zaidi. Anatafuta chujio la kupunguza foleni tu. Kila mmoja anarudi kusoma zaidi, na sharti linapanda tena. Mwingereza Ronald Dore aliuita mzunguko huu ugonjwa wa vyeti mwaka 1976, na Kenya ilikuwa moja ya nchi alizozichambua.

Mwalimu mpya: Nimepewa mkondo C. Ofisini wanauita mkondo wa vilaza, na wanafunzi nao wanajiita hivyohivyo. Nifanyeje?

Barua yako nimeisoma mara tatu. Nilipokuwa kidato cha pili, mwalimu wetu wa hesabu alirudisha karatasi akianza na wa mwisho. Jirani yangu wa dawati aliitwa wa kwanza majaribio mawili mfululizo. Mara ya tatu hakusubiri jina. Alisimama mwenyewe akaenda mbele kunyoosha mkono, darasa zima likacheka. Siku hiyo hakuwa wa mwisho.

Mwaka 1968 watafiti Rosenthal na Jacobson walichapisha jaribio la shule moja ya msingi California. Walimu waliambiwa kwamba watoto fulani, kama mmoja kwa watano, wangechanua mwaka huo. Kumbe majina yalichaguliwa kwa bahati nasibu. Baadaye, hasa madarasa ya chini, watoto hao walionekana kupanda kuliko wenzao. Takwimu zao zimebishaniwa sana, na tafiti zilizofuata zimeona athari ndogo zaidi. Lakini njia yenyewe utaitambua: mwalimu akimwamini mtoto humsubiri ajibu, humpa kidokezo; asiyemwamini humruka.

Kwa hiyo anza na kusubiri. Ukiuliza swali, hesabu moja mpaka tano kimoyomoyo kabla ya kuhamia kwa mwingine. Karatasi rudisha kwa alfabeti. Neno kilaza likitajwa ofisini, wewe taja jina la mwanafunzi na kitu kimoja alichokiweza wiki hiyo. Muhula ukifungwa niandikie tena, nataka kujua mkondo C wanajiitaje.