Analala besimenti, nawe unasema mmetengana?

*Shangazi, niko Columbus, Ohio, na nataka kusomea uuguzi. Mimi na mume wangu tumetengana tangu Februari. Yeye analala besimenti. Nikiweka kipato chake kwenye FAFSA, ile fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu ya Marekani, naogopa nitakosa ruzuku, na sahihi yake siwezi kumwomba. Nijaze kwamba tumetengana? – Mama wa Wawili*

Pole, mwanangu. Nyumba yenye ukimya inachosha.

Sasa tusemezane. Katikati ya barua yako, ambayo hapa nimeifupisha, umegusia kwamba kila jioni unamwachia chakula kwenye kaunta, umekifunika, na asubuhi unakuta sahani imeoshwa. Na pango analipa yeye. Huko si kutengana. Mmenuniana tu.

FAFSA haidai hati ya mahakama ili useme mmetengana, lakini siku unatia sahihi kila mmoja awe anaishi kwake. Mkiwa nyumba moja, besimenti au ghorofani, unajaza kuwa umeolewa. Ukidanganya, faini yafika dola 20,000, na jela ipo.

Tena umesema kodi ya mapato kila mtu alijaza kivyake. Basi lazima naye afungue akaunti, aridhie taarifa zake za kodi zichukuliwe, atie sahihi. Akikataa, hupati msaada wa serikali kuu. Hapo ndipo unapokwepa. Kipato unakisingizia, kinachokutisha ni kushuka zile ngazi.

Maana hujaandika popote kwamba alikukataza kusoma. Naamini hata hajui. Mwanamume anayelipa pango na kuosha sahani yake hajaondoka, anangoja kuitwa. Mimi niko upande wake.

Zamani mkinuniana wiki, mshenga anabisha hodi, somo anakuita kando. Ughaibuni hakuna wa kubisha. Kila mtu na simu yake, kila mtu na akaunti yake benki, miezi inapita, na watoto wanajifunza kula bila kuongea. Mficha uchi hazai, mwanangu.

Na ukweli huenda ukakufaa zaidi. Umesema mwaka huu amepunguziwa saa ghalani. Fomu ya 2026–27 inatazama kipato cha 2024, alipokuwa akipata zaidi. Ukishaijaza, nenda ofisi ya misaada ya chuo na hati zake za mshahara wa sasa, uombe hesabu ipitiwe upya. Wana mamlaka hayo. Lakini hati hizo anazo yeye.

Leo usiiache sahani kwenye kaunta. Ishushe mwenyewe, na laptopu kwapani.