Maswali na majibu: Kuhamishia akili kwenye kompyuta

Akili ya binadamu itahamishiwa kwenye kompyuta lini?
Si katika uhai wetu. Anayekutajia mwaka ana kitu anataka kukuuzia.

Ramani ya ubongo si imeshachorwa? Kilichobaki si kompyuta yenye nguvu tu?
Swali hili limeulizwa hapa mara nyingi mno. Someni kwanza, jamani. Mnyoo aitwaye C. elegans ana seli za neva 302, na ramani yake ilichapishwa mwaka 1986. Hadi leo hakuna programu iliyoweza kuiga maisha yake yote. Ramani inaonyesha seli ipi imeungana na ipi. Haikwambii muungano upi una nguvu na upi ni dhaifu, wala jinsi kemikali zinazosambaa humo zinavyobadili kazi ya mtandao mzima. Mwaka 2024 ilitoka ramani ya ubongo wa nzi wa matunda, seli kama 139,000, kazi ninayoiheshimu sana. Sisi tuna bilioni 86 hivi. Mwaka huohuo watafiti wa Harvard na Google walichapisha ramani ya kipande cha ubongo wa binadamu cha milimita moja ya ujazo: kilikatwa tabaka zaidi ya 5,000, data ikafika petabaiti 1.4, yaani gigabaiti milioni 1.4.

Nakala yangu itakuwa mimi?
Hapana. Tuseme umenakiliwa ukiwa hai, umeketi. Nakala inamkumbuka mama yako, inakasirika kama wewe. Ukichomwa sindano, anayeumia ni wewe peke yako. Basi ni wawili, na kufa kwako hakutamgeuza yule awe wewe. Mwanafalsafa Derek Parfit alishikilia kwamba utambulisho si jambo kuu, la muhimu ni kumbukumbu na tabia ziendelee. Ni hoja nzito, lakini mtu anayeogopa kufa anataka kuendelea kuwepo yeye mwenyewe.

Dini inasemaje?
Muulize shehe au padri wako.

Nilipie ubongo wa baba uhifadhiwe ili unakiliwe baadaye?
Usilipe. Mwaka 2018 kampuni ya Marekani, Nectome, ilipokea amana za dola 10,000 kwa njia ya kuhifadhi ubongo inayopaswa kuanza mtu akiwa bado hai, na ambayo waanzilishi wenyewe walikiri inaua. Chuo kikuu cha MIT cha Marekani kilijitoa katika ushirikiano nayo. Hata ingefaulu, jiulize nani angemiliki nakala ya baba yako, angeweza kuifuta, au kuifanyisha kazi bila ujira.

Na programu inayoongea kwa sauti ya marehemu mama?
Hiyo imefunzwa maneno yake tu, mama hayumo. Usiwape wenye programu jumbe zake kabla hujakaa na ndugu zako mkakubaliana.