Rangi imetoka kwenye ufuaji wa kwanza? Kagua kitambaa, siyo maganda

Msomaji anauliza kwa nini pamba aliyoitia rangi ya maganda ya vitunguu imepauka alipoifua mara moja tu. Wengi watamwambia aongeze chumvi na siki. Aache. Hivyo havishikishi rangi ya mimea kwenye pamba, hata ushauri huo urudiwe mara ngapi. Kosa lilitokea kabla maganda hayajaingia kwenye sufuria.

Pamba mpya, hata ikiwa nyeupe pee, ina nta na wanga wa kiwandani. Pima kitambaa kikiwa kikavu. Kwa nusu kilo: maji lita 15, magadi gramu 10, sabuni kidogo, moto mdogo saa nzima. Maji yatageuka rangi ya chai. Suuza, kisha dondoshea tone la maji. Likinywewa papo hapo, endelea. Likikaa juu kama ushanga, rudia.

Shabu, madini yanayoshikisha rangi kwenye kitambaa, nayo haishiki vizuri kwenye pamba tupu. Hutaka kitu chenye ukakasi kiitangulie. Chemsha gramu 100 za maganda makavu ya komamanga kwa dakika 45, chuja, loweka kitambaa usiku kucha, kamua bila kusuuza. Ndipo uyeyushe shabu gramu 75 kwenye maji ya moto, uongeze magadi gramu 10 kidogo kidogo, maana povu hupanda haraka. Loweka usiku mwingine, kisha suuza. Ndiyo, siku mbili zimepita na rangi bado hujaiona. Asiye na subira atafute kazi nyingine.

Maganda ya vitunguu, gramu 250, yachemshe na kuyachuja; ganda likigusa kitambaa huacha doa. Ingiza kitambaa kikiwa kimelowa, kwani kikavu hunywa rangi kwa mabaka. Kigeuzegeuze kwa saa moja bila kuacha maji yatokote, kisha kipoe humo humo. Sufuria iwe ya chuma kisichoshika kutu, na isirudi tena jikoni.

Bizari ya manjano hushika hata bila shabu, lakini jua huila. Bitiruti usihangaike nayo.

Sasa uzi. Wa poliesta hautashika rangi hizi, kwa hiyo mshono utabaki mweupe juu ya kitambaa cha dhahabu. Tumia wa pamba, uuzungushe uwe fungu kubwa la duara, uufunge sehemu nne kwa kitanzi kilicholegea. Ukikazwa, hapo patabaki peupe. Utie rangi wote kwa pamoja, kwa sababu sufuria ya pili haifanani na ya kwanza. Ukishona, kata kipande kisichozidi sentimita 45; kirefu zaidi husuguliwa na kitambaa mpaka kinatoa manyoya.

Ukitaka rangi iwe nzito kwa chumvi ya chuma (feri salfeti, siyo chumvi ya mezani), gramu 5 zinatosha kwa nusu kilo, dakika 10 tu. Chuma hula nyuzi. Uzi uliozidishiwa utaonekana mzuri kabisa, kisha utakatika kwenye tundu la sindano.