Mazoezi ya kikapu shuleni: hesabu kila mtoto ameugusa mpira mara ngapi

Miaka kadhaa iliyopita, mazoezi yakiwa yameisha na jua linazama, msichana wa kidato cha pili alinifuata huku ameshika viatu mkononi. Akasema, “Mwalimu, leo mpira nimeugusa mara nne.” Akaniaga, akakimbilia wenzake.

Usiku ule nilichukua kalamu. Wanafunzi 22, mstari mmoja, mpira mmoja, leiapu (kukimbia na mpira hadi chini ya ringi na kuutupia kikapuni) kwa dakika 20. Kila zamu, kuanzia dribo ya kwanza, yaani kuudundisha mpira ukikimbia, hadi mpira kuokotwa kwenye majani na kurudishwa, ilikula kama sekunde 12. Dakika 20 zinatoa zamu 100. Gawa kwa 22: nne, na wenye bahati tano. Mtoto alikuwa amehesabu sawasawa. Muda wote uliobaki walikuwa wamesimama wakinitazama nikipuliza filimbi, nami nikiamini tunafanya mazoezi makali.

Tangu siku hiyo kila ninachopanga nakipima kwa hesabu yake. Nayaandika haya kwa walimu wenzangu waliokabidhiwa timu ya kikapu pamoja na vipindi vyao vya kawaida, kwa sababu naona mistari ileile mirefu karibu kila uwanja ninaopita.

Kwanza, andika. John Wooden, kocha wa chuo kikuu cha UCLA aliyetwaa ubingwa wa vyuo vya Marekani mara 10 kati ya 1964 na 1975, aliwahi kuwa mwalimu wa sekondari, na hata alipokuwa maarufu aliingia uwanjani na kadi ndogo yenye ratiba ya siku hiyo, dakika kwa dakika. Mimi naandika nyuma ya karatasi za mitihani ya zamani. Vipindi na usafi vikiisha, hubaki saa moja na nusu, kuanzia saa 10:15 hadi saa 11:45 jioni. Baada ya hapo wa kutwa wanawahi daladala na wa bweni wanawahi chakula. Bila karatasi, dakika hizo 90 huishia kwenye mambo mawili: leiapu za foleni, na mechi ambayo wakubwa watano wanacheza huku wadogo wakiokota mipira inayotoka.

Tuna mipira mitano, na mmoja wake haudundi tena. Huo nao una kazi, kwa sababu pasi ya kifuani haihitaji mpira unaodunda. Tukiazima miwili ya netiboli kwa ajili ya pasi tu, tunapata makundi saba: sita ya watatu na moja la wanne. Dakika kumi za mwanzo ni hizo: pasi, kupokea ukiwa mwendoni, kusimama kwa miguu miwili. Anayefika mapema anaanza, hakuna kusubiri timu ikamilike. Zamani nilipoteza robo saa kila siku kwa kusubiri.

Kisha nagawa timu nusu kwa nusu. Wanafunzi 11 wanakwenda kwenye ringi mbili na mipira minne mizima, miwili kila ringi. Wengine 11 wanafanya kazi isiyohitaji mpira: miguu ya ulinzi, kuzunguka kwa mguu mmoja bila kuburuza ule mwingine, kuruka na kutua. Baada ya dakika nane wanabadilishana. Piga hesabu upya: kila mmoja anapata leiapu zisizopungua kumi ndani ya dakika nane, wakati zamani dakika 20 zilimpa nne.

Hapo kwenye kutua nisikilizwe vizuri, hasa na wanaofundisha wasichana. Katika michezo ya kuruka na kukata kona ghafla, wasichana huchanika kano iliyo katikati ya goti (ACL) mara nyingi zaidi kuliko wavulana, na viwanja vyetu vingi ni saruji tupu. Watue kwa miguu yote miwili, magoti yamekunjwa na yasielekeane ndani. Ukisikia kishindo kikubwa, mtoto ametua vibaya. Dakika tano kila siku, mwaka mzima. Sijawahi kuzikata hata wiki ya mashindano.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni watatu kwa watatu, nusu uwanja. Katika watano kwa watano mtoto mwoga anajificha kwenye kona na hakuna atakayemgundua, ila katika watatu kwa watatu hana pa kujificha: lazima apokee, lazima akabe, lazima aamue. Pande zote mbili za uwanja zikitumika, 12 wanacheza kwa pamoja. Wanaosubiri wanahesabu kwa sauti zile sekunde 24 ambazo sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, zinaipa timu kutupa. Kikapu kikiingia, timu iliyofungwa inatoka na nyingine inaingia mara moja. Wakati mwingine nakataza dribo kabisa kwa dakika tano. Kwanza wananung’unika, halafu unaona wasio na mpira wanaanza kukimbia kutafuta nafasi, kitu ambacho nilikipigia kelele kwa miezi bila mafanikio.

Mitupo ya faulo siiweki mwisho wala mwanzo. Naichomeka katikati, wakiwa wanahema, miwili miwili kila mtu, kwa maana kwenye mechi huwa inakuja miguu ikiwa imechoka. Maji wanakunywa mara tatu, muda umeandikwa kwenye karatasi, haombwi mtu ruhusa.

Zamani aliyekosea nilimzungusha uwanja. Nimeacha, na najuta kwamba nilichelewa. Aliyekosea leiapu ndiye anayehitaji leiapu nyingine, nami nilikuwa namwondolea mpira mikononi na kumpa vumbi.

Jambo jingine ni warefu. Akija mtoto mrefu kidato cha kwanza, sote tunakimbilia kumweka chini ya ringi: simama hapo, inua mikono. Mpe dribo na pasi kama wenzake. Wanafunzi wetu wengi wanaushika mpira wa kikapu kwa mara ya kwanza sekondari, na bado hawajachelewa. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam naye aliuanza akiwa kijana, na mwaka 2009 Memphis Grizzlies wakamchagua wa pili katika usajili wa wachezaji wapya wa NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani. Wengi hawatafika huko, ila mrefu aliyefundishwa kusimama tu hatafurahia mchezo hata hapa shuleni.

Kuhusu kalenda, anzeni Januari. Timu inayokusanywa wiki mbili kabla ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, hujifunza mbinu moja na kupata majeraha matatu. Mimi nafanya Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na wa kidato cha nne nawapunguzia siku muhula wa pili, mtihani wa taifa unapokaribia.

Wenye maumivu hawabaki bwenini. Nampa mmoja karatasi na kalamu, namchagulia mwenzake wa kumfuatilia, naye anachora kijistari kila mwenzake anapopokea mpira. Anayehesabiwa haambiwi. Jumatano iliyopita alikuwa msichana wa kidato cha kwanza, mnyamavu, asiyeniomba chochote. Karatasi ilirudi na vijistari 131. Nilifurahi mpaka nilipogeuza upande wa pili, ambako msichana aliyehesabu alikuwa ameandika bila kuulizwa: “Mwalimu, ukiacha leiapu, ametupa mara tisa tu.” Kwa hiyo kwenye karatasi ya kesho kuna dakika sita mpya za kutupa, wawili wawili, mpira mmoja, kutoka mita tatu. Nimezitoa kwenye zile dakika ninazosimama katikati ya uwanja nikieleza.