Nyumba haijapauliwa, mume anataka kupimwa fimbo za gofu

*Shikamoo Anti. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kisasa, Dodoma. Mume wangu ni mtumishi, alihamia huku na wizara akitokea Dar, na huko alikuwa akicheza gofu Lugalo. Fimbo zake aliachiwa na bosi wake aliyestaafu: nane za chuma, draiva (ile ya kupigia mbali), mbili za mbao na pata (ya kusukumia mpira shimoni). Sasa anasema fimbo hizo ndizo zinazomharibia mchezo, mipira yote inakwenda kulia na mgongo unamuuma. Mwezi wa kumi ana safari ya kikazi Afrika Kusini, na huko anataka apimwe atengenezewe seti mpya. Vipimo dola 300, seti na begi dola 2,000. Karibu milioni sita! Nyumba yetu Iyumbu imefika kwenye linta, na pesa ya kupaulia ndiyo hiyohiyo. Nilipokuta kwenye simu ameshatuma laki tano za kushika nafasi nililipuka, nikamwambia gofu ni mchezo wa wenye nazo na vipimo ni utapeli. Tangu siku hiyo tunaongea habari za ada na gesi tu. Anti, kupimwa fimbo ni kitu cha kweli au ni njia ya kula pesa za watu? Yeye ni mrefu, futi 6 na inchi 2, na anapigia mkono wa kulia.*
*Mama Watatu, Kisasa*

Marahaba mwanangu. Vipimo ni vya kweli. Ulipoteleza ni kuviita utapeli. Alipoteleza mwenzio ni kuvifunga furushi moja na seti mpya, halafu akatuma pesa kimyakimya. Zile dola 300 na zile dola 2,000 ni manunuzi mawili tofauti, na muuzaji anafurahi sana mteja asipoiona tofauti hiyo.

Mtu wa futi 6 na inchi 2 ana kama sentimita 188. Fimbo za dukani hukatwa kwa mwanaume wa kimo cha wastani. Mrefu akizishika, mikono yake inakaa juu, shafti, ule mti wa fimbo, inasimama zaidi, kisigino cha kichwa cha fimbo (upande wa shafti) kinanyanyuka na ncha ya kichwa (upande wa mbali) inachimba ardhi. Ncha ikichimba, uso wa fimbo unatazama kulia, na mpira unafuata uso. Nyuzi moja tu ya mlalo usiofaa, yaani pembe ya shafti na ardhi, inaweza kupeleka mpira wa chuma cha kati meta tatu hivi pembeni katika umbali wa yadi 150, hata kama ameupiga vizuri kabisa. Kisha, kwa kuwa fimbo ni fupi, anainama, na mgongo unalipa. Kwa hiyo analalamika kwa haki, au tuseme nusu ya haki, maana kuna swali ambalo sina hakika amejiuliza: mipira hiyo inaanza safari ikiwa imeelekea kulia na kunyooka hivyohivyo, au inaanza katikati kisha inapinda hewani kama ndizi? Wa kwanza unaweza kuwa mlalo wa fimbo. Wa pili, hasa kwa draiva, mara nyingi ni mzungusho wake mwenyewe, yaani anavyoizungusha fimbo, na hakuna fundi wa Johannesburg wala wa Marekani atakayeuondoa kwa koleo.

Jambo hili mnaweza kulipima nyumbani kabla ya shilingi nyingine kutoka. Avae viatu vya kuchezea, asimame wima juu ya sakafu, mikono ining'inie bila kunyoosha mabega. Chukua tepu ya fundi, pima kutoka kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono hadi sakafuni. Kimo peke yake hakitoshi, kwani wapo warefu wenye mikono mirefu wanaotumia fimbo ya kawaida bila shida. Sentimita 86 hadi 91 kwa kawaida ni fimbo ya dukani. Akifika 94 hadi 96, chati nyingi zitamwongezea nusu inchi. Zaidi ya hapo, robo tatu ya inchi au inchi nzima.

Halafu mlalo. Chukua maka peni ya ubao mweupe, chora mstari mnene kwenye mpira, uweke mstari ukiwa wima na ukitazamana na uso wa fimbo. Apige kwa chuma namba 7, kwenye nyasi au zulia, mpira uishie kwenye wavu. Wino utahamia usoni mwa fimbo. Mstari ukisimama mraba na ile mifereji ya usoni, mlalo ni sawa. Kichwa cha mstari kikiinamia upande wa shafti, fimbo imelala mno kwake, ndiyo ile ncha kuchimba. Kikiinamia upande wa ncha, fimbo imesimama mno. Afute, arudie mara kumi, na zile alizopiga vibaya msizihesabu. Mistari ikiinama kila siku upande mmoja, ana ushahidi mkononi. Ikiinama huku na huku, mzungusho wake haujatulia, na pesa ya vipimo ni bora iende kwa kocha kwanza, kwa sababu mtu anapimwa vile anavyopiga siku hiyo. Akibadilisha mtindo miezi miwili baadaye, karatasi yote ya vipimo inachacha.

Na muangalie gripu, ule mpira wa kushikia. Wengi wanaacha begi kwenye buti la gari linaloshinda juani, na jua la Dodoma unalijua. Joto linakausha gripu hadi inang'aa na kuteleza, na gundi inayoshika kichwa kwenye shafti nayo inalainika taratibu. Gripu ikiteleza, mtu anakaza vidole, mkono wote unakuwa mgumu, mpira hauendi anakotaka. Aishike kwa mkono wa kushoto: ncha za vidole viwili vya kati ziguse kidogo tu nyama ya chini ya kidole gumba. Kucha zikizama kwenye nyama, gripu ni nyembamba. Pakibaki nafasi, ni nene. Kabla ya kununua mpya azisugue kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Wakati mwingine hiyo tu inatosha.

Sasa hizo dola 300 zinalipia nini? Huko nje bei za kawaida ni dola 100 hadi 200 kwa kupimiwa sehemu moja ya begi, mfano chuma peke yake, na 300 au zaidi kwa begi zima. Kwa hiyo hajatajiwa bei ya wizi, ila ametajiwa begi zima wakati tatizo lake liko kwenye chuma. Kipimo cha chuma kinachukua saa moja hadi moja na nusu. Anapasha mwili, anapiga fimbo yake ya zamani mbele ya mashine ya rada au kamera kama TrackMan au GCQuad, inayosoma mwendo, pembe ya kupaa, mzunguko wa mpira na upande ulikokwenda. Baada ya hapo fundi anabadilisha kichwa, shafti na urefu, kimoja kimoja, huku akibandika utepe chini ya kichwa cha fimbo kuona ni sehemu gani inayogusa ardhi. Begi zima kwa siku moja silipendi. Mtu wa ofisini akishapiga mipira 70 amechoka, na mashine inaanza kupima uchovu.

Hapo kwenye mashine ndipo watu wengi wanapouziwa seti. Mumeo atapiga chuma chake cha zamani namba 7, kisha atapewa kipya namba 7, na mpira utaruka mbali zaidi kwa yadi 10 au 15. Atacheka mwenyewe. Lakini namba 7 za zamani nyingi zina pembe ya uso (uso ulivyolalia nyuma) ya nyuzi 34 au 35, na mpya nyingi za wachezaji wa kawaida zina nyuzi 28 hadi 30. Amekabidhiwa namba 6 au 5 ya zamani iliyoandikwa 7. Amuulize fundi pembe ya kila fimbo kabla ya kulinganisha, aache kutazama mpira mmoja uliofika mbali, atazame mipira kumi imetawanyika kiasi gani na inashuka kwa pembe gani. Mpira unaotua bapa hausimami, hasa kwenye ardhi kavu kama ya huku kwetu kanda ya kati miezi ya kiangazi.

Kingine ni herufi za ugumu wa shafti. R (ya kawaida) na S (ngumu) hazina kipimo kimoja kwa viwanda vyote. R ya kampuni moja inaweza kuwa ngumu kuliko S ya nyingine. Anayezungusha draiva kwa mwendo wa kilomita 137 hadi 153 kwa saa kwa kawaida anaangukia R. Wanaume wengi wanaomba S kwa sababu ya heshima tu, halafu mpira unapaa chini na kukimbilia kulia. Amuachie fundi, na aulize zaidi uzito wa shafti kuliko herufi.

Jambo la kuuliza kabla hajapanda ndege ni hili: akishapimwa, atapewa karatasi aondoke nayo hata asiponunua? Iandikwe urefu, mlalo, pembe, uzito na ugumu wa shafti, unene wa gripu. Baadhi ya maduka yanaizuia mpaka ununue, na mengine yanakata ada ya vipimo kwenye bei ya seti, jambo linaloonekana zuri huku likikusukuma kununua. Akiwa na karatasi yake, anaweza kutafuta seti iliyotumika inayomfaa. Hata fimbo za kampuni ya Ping zilizotumika zina nukta ya rangi shingoni inayosema mlalo wake: nyeusi ni kawaida, bluu na kijani zimesimama zaidi, nyekundu na ya chungwa zimelala zaidi.

Au asinunue kabisa, arekebishe alizonazo. Tukichukua dola kwa shilingi 2,500 na bei za kawaida za karakana za nje: kukunja mlalo wa chuma nane kwa dola 6 kila moja ni 48, kurefusha nane kwa dola 8 ni 64, gripu mpya 11 kwa dola 8 ni 88. Jumla dola 200, yaani laki tano. Ongeza vipimo vya chuma dola 150, unafika 875,000. Hiyo si milioni sita.

Marekebisho nayo yana mipaka yake. Vichwa vilivyofuliwa vinakunjika kwa urahisi. Vilivyomiminwa kwenye kalibu ni vigumu, na zaidi ya nyuzi mbili vinaweza kukatika shingoni, kwa hiyo fundi aangalie kwanza ni vya aina gani na aseme wazi nani atabeba hasara kikivunjika. Kurefusha kuishie inchi moja. Kila nusu inchi inafanya kichwa kihisike kizito zaidi na pia inafanya fimbo ikae kama imesimama zaidi, hivyo fundi anarefusha kwanza, anapima mlalo upya, kisha ndipo anakunja. Akianza na kukunja atapitiliza, na mipira itahamia kushoto. Kwa kazi hiyo abebe chuma zote nane. Draiva na za mbao zibaki Kisasa.

Gripu mnaweza kubadilisha nyumbani. Kata ya zamani kwa kisu ukielekeza makali mbali na mwili, bandua gundi yote, zungushia utepe wa gundi pande mbili. Ziba tundu la gripu mpya kwa kidole, mimina petroli kidogo ndani, tikisa, imwagie juu ya utepe, sukuma gripu kwa mkupuo mmoja na uinyooshe haraka kabla haijashika. Fanyieni nje, mbali na jiko na watoto, iache mpaka kesho yake. Mafuta ya taa yanaacha ulaini ndani na gripu itazunguka. Thina inakula rangi ya shafti za kaboni.

Na pata? Karibu asilimia 40 ya mapigo ya gofu ni ya pata, na hakuna aliyeitaja katika bajeti ya milioni sita. Mrefu huyu akiwa ameinama juu ya pata fupi, mgongo utaendelea kuuma hata chuma zikinyooka.

Turudi kwenu wawili. Mletee leo hiyo hoja ya laki tano, lakini usianzie na utapeli. Mwambie: "Baba Fulani, nilikosea kuudharau mchezo wako, wewe ulikosea kutuma pesa ya bati bila kuniambia." Useme hivyo mara moja, usirudie kila jioni. Kisha aandike ujumbe kwa duka aulize mambo mawili: laki tano inarudishwa? Kama hairudishwi, inaweza kugeuzwa kuwa vipimo vya chuma tu pamoja na karatasi? Dola 200 zinatosha kwa hilo mahali pengi. Wakikataa yote mawili, hasara ni laki tano, na msiifukuzie kwa milioni nyingine tano.

Kuhusu nyumba sina mzaha. Mvua za Dodoma huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, na ukuta ulioachwa kwenye linta bila bati unanyeshewa kuanzia juu. Kenchi na bati viagizwe kabla hajasafiri, na risiti aione. Baada ya hapo wekeni kisanduku cha gofu, kiasi mnachokubaliana kila mwezi, hata elfu hamsini, ambacho hatakiwi kukueleza anakitumiaje. Mwanaume aliyehamishwa kutoka Dar akaacha uwanja wake na wenzake amepoteza kitu, na labda fimbo mpya zilikuwa zinabeba hilo pia. Treni ya SGR inabeba abiria Dodoma hadi Dar tangu Julai 2024, na nauli ya daraja la kawaida iliyotangazwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, mwaka huo ilikuwa shilingi 31,000. Raundi moja Lugalo na wenzake kila baada ya miezi miwili itamfaa kuliko draiva mpya ya kupigia wavuni.